Kilo Kumi na Mbili za Baba Marlène

Mimi ndiye niliyemnenepesha mume wangu, na sioni haya kulisema. Kalonji aliponioa alikuwa na kilo sitini na mbili, na kila mtu wa mtaa wetu wa Dilala anayemkumbuka enzi hizo atakuambia kwamba suruali yake ilikaa kiunoni kwa huruma ya Mungu. Miaka karibu thelathini ya bukari yangu, yaani ugali, ndiyo iliyomtia mwili. Alipopita barabarani na tumbo lake mbele, wanawake wenzangu walinipongeza, maana huku kwetu mwanamume akikonda anayeulizwa ni mke. Nilizipokea pongezi zote bila unyenyekevu wowote.

Kalonji ni fundi wa laini za umeme katika kampuni moja ya mgodi. Waya ukikatika, yeye ndiye anayepanda nguzo. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba, naye Kalonji akazaliwa hapahapa Kolwezi katika nyumba za wafanyakazi. Miaka ya tisini Wakasai walipofukuzwa hapa Katanga, akapakiwa kwenye treni pamoja na wengine, akapelekwa kwenye nchi ya wazazi ambayo hakuwahi kuiona. Alirudi baada ya miaka mitatu, akaomba kazi yake ileile ya nguzo.

Mimi kwa mama ni Msanga, kabila la hapahapa. Mama yangu aliuza munkoyo mbele ya lango letu, kinywaji chetu cha uji wa mahindi unaochachushwa na mizizi ya porini. Mwaka huo Kalonji aliporudi, waya ulikatika karibu na kwetu, akaja kijana mwembamba mwenye mkanda wa ngozi, akapanda. Jua lilikuwa kali. Alipofika juu akaniita.

"We dada, mu ile kibuyu muko nini?"

"Munkoyo."

"Mi niko na kiu mingi huku juu."

"Basi shuka, ukuye kunywa."

"Nikishuka mbele ya kumaliza, chef atanifukuza. Funga chupa mu kamba."

Alikuwa ameteremsha kamba yake ya kuvutia vifaa. Nikafunga chupa, akaivuta, akanywa yote huku mama akiniangalia kwa jicho ninalolijua. Kisha akairudisha chupa tupu kwa kamba ileile na kuniambia kwamba kesho atarudi kukagua waya. Waya ule aliukagua wiki mbili.

Kwa hiyo mwaka jana, aliporudi kutoka kwenye ukaguzi wa afya wa kazini, akakaa kitini bila kuvua viatu, nilijua kuna jambo.

"Kilo mia moja na kumi na mbili," alisema. "Mukanda ya usalama inabebaka kilo mia moja tu. Banasema mi shipande tena."

Daktari wa kampuni alikuwa amempa miezi minne. Akifika kilo mia anarudi nguzoni. Asipofika, anahamishiwa ghalani, kuwatolea nyaya na vifaa wale wanaopanda, mpaka siku ya pensheni. Mshahara haubadiliki, na najua wanaume wengi ambao wangeshukuru kukaa kivulini. Kalonji alilia. Sikuwahi kumwona akilia tangu tumzike baba yake.

"Louise, mi nikibakia chini, mi njo nani?"

Nilimvua viatu, nikamwambia tutazipunguza zile kilo, mimi na yeye, kama tulivyoziongeza.

Sasa, kwetu mtu akipata tatizo lolote kati ya shingo na magoti, dawa ya kwanza inajulikana: puwari, ule mpira wenye mdomo mwembamba wa kusafishia tumbo kwa nyuma. Mtoto ana homa, puwari. Mgongo unauma, puwari. Mama yangu alinifungia ya kwangu pamoja na vyombo vya arusi, na kila Jumamosi asubuhi tangu tuoane nimemsafisha Kalonji tumbo kwa maji ya vuguvugu yaliyokorogwa sabuni ya kipande. Hatukuliona kuwa jambo la ajabu. Nikapiga hesabu yangu: kama mara moja kwa wiki inamletea afya, kila siku itamletea ukondefu.

Nikaongeza chai ya kukatisha tumbo niliyoinunua sokoni, ile yenye picha ya msichana asiye na kiuno. Chai ilimsokota, nami kwa msokoto nikampa zile tembe nyekundu na nyeusi zinazouzwa mojamoja, ambazo sisi sote humeza kwa kila kitu bila kumuuliza mtu. Jioni alikula kipande cha muhogo mkavu na kwenda kulala akiwa amekasirika.

Baada ya siku kumi alikuwa amepungua kilo nne. Nilimsifu Mungu, na mimi mwenyewe nikajisifu kidogo. Wiki mbili baadaye kilo nne zilikuwa zimerudi na zimeleta mwenzao wa tano. Kalonji alikuwa hoi. Tumbo lilimjaa upepo mpaka vifungo vya shati vikalalamika, alitamani vitu vitamu kutwa nzima, na choo kilikuwa hakiji kabisa bila puwari. Mwezi mmoja ulikuwa umekwisha na tulikuwa nyuma ya pale tulipoanzia.

Kampuni ilikuwa imempa likizo yake ya mwaka, basi akawa nyumbani mchana kutwa. Mwanamume aliyezoea kuona mji mzima kutoka juu, sasa alikuwa anaona kuku wangu. Alirekebisha mlango ambao haukuwa na ubovu. Alipanga kuni kwa urefu. Mimi nilikuwa nauza munkoyo pale pale mama alipouzia, na huruma ilinishika kila nilipomwona ananifuata kwa macho akitafuta cha kunisaidia.

Jumatatu moja nilitoka kununua unga, nikarudi nikamkuta amesimama uani, anatabasamu hadi masikioni.

"Mama Marlène, kuya uangalie. Mi nimekusafishia."

Alikuwa ameshika kibuyu changu. Kibuyu cha mama. Alikuwa amekisugua kwa mchanga, akakiosha kwa sabuni, na mwisho akakisuuza kwa javeli, ile dawa kali ya kung'arishia nguo, hadi kikatoa harufu ya hospitali.

Ni lazima nieleze. Kibuyu cha munkoyo hakiguswi na sabuni. Unamimina, unasuuza kwa maji matupu, na kidogo unakiacha chini. Uji mpya wa kesho unawakuta wenyeji mule ndani, wanaujua kwa jina, wanaanza kazi. Kibuyu kile kilikuwa kimefanya kazi bila kupumzika tangu kabla sijazaliwa. Hata mwanangu Marlène, ambaye sasa ameolewa Likasi na ana watoto wake, aliwahi kula fimbo kwa kukikaribia na sabuni.

Nilisema niliyoyasema. Majirani waliyasikia na sitayarudia. Nikapika uji, nikatia mizizi, nikaomba. Siku ya pili ulikuwa bado uji mtamu tu, hauna uchachu wowote. Siku ya tatu ulivimba ukanuka vibaya. Walimu wa shule ya jirani walinirudishia chupa zikiwa zimejaa, na dereva mmoja wa pikipiki aliniuliza kwa adabu kama nimefiwa. Hapo nikakaa kwenye kigoda na kuanza upya kumfokea Kalonji.

"Ulifwata nini mu kibuyu yangu? Batu bote banajua, mu munkoyo habawekake sabuni! Sabuni inaua! Bile bidudu bidogo binafanyaka kazi mule ndani, umebiua byote. Sasa ona! Hauchachi, haufanyi kitu, unavimba tu na kunuka!"

Kalonji aliangalia kibuyu. Kisha akaangalia tumbo lake. Mume wangu ni fundi. Ukimwambia taa haiwaki, atafuata waya mpaka ufike mwisho, hata kama mwisho wake ni aibu.

"Mama Marlène," alisema taratibu, "na ile sabuni unaniwekaka mi kila siku asubuhi, iko ya namna gani?"

"Si ileile ya kipande..."

Nilimwangalia mtu huyu ambaye tangu tuoane nimemtunza kuliko ninavyojitunza mwenyewe, anavimba, hachachi, hafanyi kitu. Nilifunika uso kwa kitenge. Kibuyu nilikuwa nakilinda kwa fimbo, na mume nilikuwa namsugua.

Kesho yake tulikwenda kwa daktari wa kampuni, Daktari Banza, mwanamke kijana aliyezaliwa Tenke, baba yake alikuwa mtu wa reli. Kalonji aliona haya kumweleza mwanamke habari za choo, akawa anasoma bango la ukutani. Nikasema mimi, yote: puwari, sabuni, chai, tembe. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Aliuliza tu ni nani aliyetuandikia zile tembe.

"Soko," nilisema.

"Mama Louise, sikia. Mu tumbo ya mutu muko bidudu bidogo, mingi kupita batu ya dunia yote. Bingine bibaya, lakini mingi ni bizuri. Binakulaka ile tumbo yetu inashindwa kukula, maganda ya maharagi, nyuzinyuzi ya matamba. Binasaidia choo, binasaidia mwili kuyua kama imeshiba. Zile tembe zinaua bibaya na bizuri pamoja. Lavema, ile puwari ya kila siku, nayo inachokoza matumbo, na kisha tumbo inasahau kazi yake."

"Kwa hiyo bidudu bikirudi, kilo zitaenda?" Kalonji aliuliza, sasa bango limesahaulika.

"Shisemi hivyo, tata. Bale banaosoma mambo hii bangali banatafuta. Bidudu peke yake haiondoe kilo. Bukari ile unapunguza, pombe unaacha, miguu inatembea. Lakini na tumbo yenye kuharibika, hiyo kazi yote inakuwa ngumu mara mbili. Na zile kilo ine ziliendaka mbio, ile ilikuwa maji tu." Akanigeukia. "Mama, we njo mwenye kuyua munkoyo. Kibuyu ikiharibika, unaitengenezaka namna gani?"

Nikamweleza. Unaomba kidogo kwa jirani ambaye kibuyu chake kizima. Unakipa uji mzuri, si mwingi. Unakiacha. Hukifungui kila saa kuchungulia. Wiki ya kwanza unamwaga, ya pili unaonja, ya tatu unaanza kuuza.

"Basi fanya vile vile na bwana yako," alisema, akaandika kitu kwenye karatasi.

Tulifanya vile vile. Kwa kibuyu niliomba munkoyo kwa mama mmoja wa mtaa wa pili. Kwa Kalonji nilipika maharagwe, matamba, yale majani ya muhogo, yaliyotwangwa na mafuta kidogo, viazi vitamu na maganda yake, bukari ya ukubwa wa ngumi moja badala ya tatu. Asubuhi alikunywa munkoyo uliochacha vizuri, bila sukari, akikunja uso. Chai ya msichana asiye na kiuno nilimwagia migomba, na migomba haikukonda.

Siku nne za kwanza hakikutokea kitu chooni. Hata kidogo. Kalonji alinibembeleza kuhusu puwari kama mtu anayeomba maji jangwani. Mara moja tu, alisema, ya mwisho, hata bila sabuni. Daktari alikuwa ametuonya kwamba ikipita siku tano au maumivu yakizidi turudi kwake, lakini tusiiguse wenyewe. Nikaichukua ile puwari ya arusi yangu na kuikata vipande mbele yake kwa kisu cha kukatia matamba. Aliniangalia kama nimekata mkono wa mtu. Mimi pia moyo uliniuma, ilitoka kwa mama.

Siku ya tano, saa kumi na mbili asubuhi, nikasikia naitwa kwa sauti kutoka kwenye choo cha uani.

"Louise! Louise! Yenyewe! Imekuya yenyewe!"

Alitoka akiwa ameinua mikono kama mchimbaji wa mgodi wa Mutoshi aliyekuta jiwe la maana. Majirani walitoka kuuliza kuna habari gani. Nikawaambia ni habari njema za familia.

Tangu hapo kilo zikaanza kuondoka, lakini kwa kiburi, moja au mbili kwa wiki, na wiki nyingine hata moja ikakataa. Upepo tumboni ukaisha. Hamu ya vitamu ikapungua, siku moja akasukuma soda mwenyewe akisema imemzidi. Likizo ilipokwisha alikwenda kukaa kwenye meza moja ya ofisini, na kila alfajiri kabla ya kazi tulitembea pamoja barabara ya Mutoshi. Vijana wa kuchimba walipita na pikipiki, watatu watatu, wakimpigia kelele: "Papa Kalonji, panda, tutakuongeza ya ine!" Yeye aliwapungia na kuendelea kutembea. Mimi miguu iliniuma, lakini nilifurahia. Tulikuwa hatujatembea hivyo pamoja tangu uchumba.

Mwezi wa tatu wa ile minne tuliyopewa akaja dada yake mkubwa, Mushiya, Jumapili baada ya misa. Alimwona mdogo wake na suruali iliyofungwa na kamba, akaweka chini sufuria aliyokuja nayo, akashika kichwa.

"Louise! Unamukausha ndugu yetu! Mu famille yetu mwanaume haikondake! Ni bugonjwa gani munatuficha?"

Sufuria ilikuwa ya mbuzi na bidia nyeupe, ugali wa Kikasai, wa kututosha siku tatu. Maneno yale yaliniingia, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayasoma kwenye macho ya wanawake wa kwaya wiki nzima: maskini Mama Marlène, mumewe anaisha. Tumbo lile nilikuwa nimelijenga kwa mikono yangu na nililionea fahari. Sasa nilikuwa nalibomoa kwa mikono ileile, na hakukuwa na wa kunipongeza.

Kalonji alivuta kiti karibu na dada yake.

"Yaya Mushiya, dada yangu, ni mi mwenyewe njo nilitaka. Louise ananipikiaka, anatembea na mi kila asubuhi, na magoti yake njo ile unayua. Kama uko na maneno, niambie mi."

Alikula vipande viwili vya mbuzi kwa heshima, kisha akaomba maharagwe yake. Mushiya alilia kidogo, akala bidia karibu yote mwenyewe, na alipoondoka akanishika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Baada ya yeye kwenda nilimwambia Kalonji kwamba nampenda. Akasema anajua, akauliza kama kuna chumvi.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nne ilikuwa siku ya mizani. Kalonji alinyoa nywele zote. Alichagua soksi nyembamba. Mimi kwa woga na mazoea nilimpa chupa yake ya munkoyo kama kila siku, naye kwa woga na mazoea akainywa yote.

Chumbani kwa daktari alikuwepo Daktari Banza na Kisimba, mkuu wa kikosi cha laini, aliyeshika fomu ya kusainiwa. Kalonji akavua viatu, akapanda. Namba zikacheza, zikatulia.

Mia moja nukta nne.

"Toa funguo na mukanda," alisema Kisimba.

Mia moja nukta tatu.

Mkanda wa usalama haujui kubembelezwa, na daktari hakuwa mtu wa kuandika namba ya uongo. Nilimwona Kalonji anaangalia zile tarakimu kama alivyokuwa akiangalia kuku wangu. Mimi niliangalia sakafu, nikifikiria chupa ya asubuhi. Nusu lita. Mimi tena, kwa mkono wangu.

Ndipo tumbo lake liliponguruma. Lilinguruma kwa muda mrefu, kwa sauti, sote wanne tukalisikia likimaliza maneno yake. Kalonji akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi.

"Docteur, pardon. Mi naomba dakika tano."

"Juu ya nini, tata?"

"Tumbo inaniita."

Daktari Banza akaweka kalamu mezani. Kalonji akatoka kwa soksi zake nyembamba. Dakika tano zikawa kumi. Kisimba alikagua dari kwa makini. Mimi nilisali, na sijawahi kusali sala ya namna ile wala sidhani kanisani wangeikubali.

Alirudi na uso uliotulia, akapanda mizani bila kuambiwa.

Tisini na tisa nukta saba.

"Eh, Tata Kalonji," alisema daktari, akicheka kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, "bidudu byako njo binasaini leo." Akasaini na yeye, kisha akakaza uso: kila mwezi arudi apimwe, na ashuke bado, maana vifaa vya kiunoni navyo vina uzito. Kisimba akatia sahihi chini yake. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, wakaniletea kiti.

Wiki tatu baadaye, Kalonji akiwa na kilo tisini na saba, nilikuwa mezani kwangu nauza. Gari la kikosi likasimama mbele ya nyumba za zamani za kampuni, chini ya nguzo ileile ya munkoyo wa kwanza, karibu na meza yangu. Kalonji akashuka, akafunga mkanda, akaukagua mara mbili. Hakuniangalia. Akapanda polepole, miguu ya mtu wa miaka hamsini na sita, lakini alipanda mpaka juu. Nilijifanya nahudumia wateja, na mwalimu mmoja nilimpa chupa mbili badala ya moja.

Kitu kikagusa meza. Ilikuwa kamba, na mwishoni mwake imefungwa chupa tupu.

"We dada! Mu ile kibuyu muko nini?"

Nilimimina haraka, munkoyo mwingine ukamwagika. Nikafunga fundo, nikavuta kamba mara moja kumwambia tayari. Chupa ikapanda juu ya vichwa vya watu. Akanywa yote, akairudisha.

"Ile waya iko namna gani?" nilimuuliza kwa sauti, na barabara nzima ikasikia.

Aliugusa waya, akauangalia huku na huku. Ulikuwa mzima kabisa.

"Iko mubaya," alisema. "Kesho nitarudia kuangalia."